Maji Ndani ya Mawe ya Baba

Beijing, 8 Septemba 1996

Dada Lanxiang,

Salamu nyingi kutoka huku. Natumaini Baba hajambo, kifua hakijaanza kumsumbua, na wewe pia u mzima. Mimi sijambo. Nimempatia Baba sweta la sufu la kijivu, utalikuta ndani ya kifurushi hiki. Mwambie alivae, asilifungie sandukuni likingoja sikukuu. Nimeweka na picha yangu niliyopigwa mbele ya maabara. Yule mzee mwenye miwani aliyesimama pembeni ni Profesa Ni, ndiye anayenisimamia masomo.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Unayakumbuka yale mawe ya kijani ya Mlima wa Nyuma, yaliyonasa ndani ya mawe meusi? Hayakuzaliwa pale. Yalikuwa chini kabisa, makumi ya kilomita chini ya vitanda vyetu, volkano ikayabeba na kuyatapika juu. Kazi yangu ya shahada ni kupima maji yaliyomo ndani yake. Usicheke. Si maji ya kunywa, na ukilikamua jiwe mpaka kesho hupati tone. Ni kidogo mno, yamejificha ndani ya punje zenyewe. Nakata jiwe liwe jembamba kama ukucha, nalisugua pande zote mbili mpaka ling'ae, halafu napitisha mwanga. Maji hula sehemu ya ule mwanga, na kwa kilicholiwa ndipo najua yapo kiasi gani. Kisha napima madini mengine yaliyomo kwa chembe tu, na hayo yananieleza jiwe limepitia mambo gani huko lilikotoka.

Nahitaji kama mawe kumi hivi, ya ukubwa wa ngumi. Baba anajua yalipo kuliko mtu yeyote. Tafadhali msomee sehemu hii mara mbili: yavunjwe kwa nyundo, yasichomwe moto, yasioshwe, yasiguse maji hata kidogo. Yafungwe kwa karatasi na yakae pakavu. Maji ya nje yakiingia kwenye nyufa yatanidanganya.

Mambo yakienda sawa nitamaliza kabla ya majira ya joto, na chuo kimeniahidi kazi pamoja na chumba. Chumba chenye bomba la joto ukutani, dada. Nikikipata tu nitamchukua Baba aje kukaa nami. Hospitali ya kifua iko karibu, unaenda kwa miguu. Hatakohoa tena baridi nzima ndani ya moshi wa kinyesi cha ng'ombe. Mwambie na hilo.

Mdogo wako,
Yinping


Heishiyao, 19 Oktoba 1996

Mdogo wangu Yinping,

Salamu zimefika, na sweta, na picha. Baba hajambo. Viazi tumechimba, vikubwa tumeviweka shimoni, vidogo wamekula nguruwe. Hou wa trekta alipoteza kondoo, akamtafuta bonde zima, kumbe yuko nyuma ya choo chake. Barua yako imekaa bila jibu kwa sababu wengine huku tunavuna. Sasa niko kwenye kabichi. Nimeziosha zote na kuzipanga mtungini kwa chumvi, mikono imepasuka hadi inatoa damu. Lakini hayo hayakuhusu, wewe unasugua mawe.

Sweta limemkaa vizuri. Analivaa juu ya koti ili watu walione. Picha ameibandika ukutani juu ya kitanda cha moto, kile cha udongo tunachokiwashia chini, mahali palipokuwa na kalenda yangu, na akila anageukia upande ule. Juzi nilimpikia tambi za shayiri na mchuzi wa kondoo, nimekanda unga mpaka mabega yakaniuma. Akaonja, akatazama ukuta, akasema, "Yinping alizipenda sana hizi." Mimi niliyezikanda nilikuwa mbele yake, sufuria mkononi. Basi nina wivu, naandika kwa wino kabisa, wala siogopi. Tangu Mama afariki nampikia mimi, namfulia mimi, na hana picha yangu hata moja.

Barua nilimsomea. Alifurahi mno kusikia unatafuta maji ndani ya mawe. Alicheka mpaka akakohoa, akasema amevunja mawe yale maisha yake yote na hajawahi kulowa kidole. Halafu akaanza kufikiri. Unamjua akifikiri, anavyotafuna mdomo wa chini. Kesho yake hata uji hakumaliza, akachukua nyundo akapanda mlima, na magoti yale yale anayonililia kila nikimwomba achote maji. Mwaka ule nilipokuwa nachumbiwa nilimwomba jiwe moja tu la kijani la kutia kwenye pete. Alisema njia imeharibika.

Kuhusu chumba chenye bomba la joto, nimesikia.

Dada yako,
Lanxiang


Beijing, 11 Novemba 1996

Dada Lanxiang,

Salamu kwako na kwa Baba. Hapa miti imeshapukutika, na watu wamejaza kabichi kwenye ngazi za majengo mpaka hupati pa kupita. Nikizinusa nakumbuka nyumbani.

Usikasirike kwa ajili ya picha. Ningejua nisingeituma. Namshukuru Baba kwa kupanda mlima, lakini mwambie asipande tena peke yake.

Hukuniambia kama ulimsomea ile sehemu ya mawe kukaa pakavu. Naomba unijibu.

Nina haraka, dada, nikueleze kwa nini. Tuko wanafunzi wawili kwa Profesa Ni, mimi na kijana mmoja wa Jiangsu anayeitwa Tao. Mawe ya Tao yanaletwa na gari la chuo ndani ya masanduku yenye namba. Profesa anamwita kwa jina la nyumbani. Mimi ananiita kwa mji wetu tu, "wewe wa Zhangjiakou". Nikimwona Tao amekaa kwenye ile mashine ya mwanga, nahesabu dakika. Kumbe naye ameahidiwa, na chumba ni kimoja, sisi ni wawili. Wiki iliyopita profesa aliniuliza kama mawe yangu nayaokota mwenyewe, nikaendelea kuandika, naye akadhani ndiyo. Sikumsahihisha.

Nimekwenda kukiona chumba. Ni kidogo, lakini vitanda viwili vinaenea.

Yinping


Heishiyao, 20 Desemba 1996

Yinping,

Salamu. Theluji imefika dirishani. Baba anakohoa asubuhi lakini anakula. Nguruwe tumechinja, nyama yako Baba amekutundikia, hairuhusiwi kuguswa.

Mawe nimempa Hou ayafikishe kituo cha mabasi Zhangjiakou, utayapata kabla ya mwaka mpya wa serikali, ule wa Januari. Baba ameyachagua mwenyewe, ameyatunza kwa namna yake, hajatunza kitu hivyo tangu Mama alipokuwa anaumwa. Siku ya kuyafunga aliyafuta moja moja kwa shati lake safi nililotoka kulifua.

Umeniuliza kama nilimsomea. Barua zako zote namsomea mimi. Kwani nani mwingine amsomee? Mimi ndiye niliyetolewa shule darasa la saba ili wewe uendelee, kwa hiyo hayo madarasa saba nayatumia kukusomea barua zako.

Kabichi imekaa vizuri mwaka huu. Imelala chini kabisa, haielei. Baba anajua kuchagua mawe ya kukandamizia.

Vitanda viwili, sawa. Kimoja chako, kimoja chake. Nimehesabu.

Lanxiang


Beijing, 25 Januari 1997

Dada yangu mpendwa,

Heri ya mwaka mpya, wa kalenda zote mbili. Mnaendeleaje na baridi? Mimi silali vizuri kwa furaha, na kukuambia kweli nimepungua mpaka sketi inanivuka.

Mawe ya Baba yana maji. Si maji kidogo. Watu waliopima mawe kama haya nchi za nje walipata chembe chache mno, na mimi napata mara nyingi zaidi yao. Unajua maana yake? Maana yake huko chini ya kijiji chetu mwamba umeloa, na mwamba ulioloa unalainika, ndiyo maana nchi yetu ya kaskazini ilivunjika na kutoa volkano wakati zamani ilikuwa ngumu kama chungu. Sikutegemea kupata jambo kubwa kiasi hiki. Nilipima haraka haraka, wala sikungoja kuyakausha kwenye tanuri kama ilivyo desturi, maana Tao alikuwa anaitaka mashine. Profesa ameniita kwa jina langu. Tao aliposikia namba zangu akaenda kuvuta sigara.

Sitakuja kwa sikukuu, nisamehe. Mwezi wa tatu nasimama mbele ya walimu wote kueleza kazi yangu. Nikipita, chumba ni changu, na Baba atakuja kabla ya baridi ijayo. Anza kumpangia nguo taratibu. Mbuzi wake wawili unaweza kuwauza.

Na wewe, dada, utapumzika sasa.

Yinping


Heishiyao, 14 Februari 1997

Yinping,

Sikukuu imepita, hakuna aliyekufa.

Baba aliweka bakuli lako mezani, na vijiti. Sambusa za kuchemsha nilizokaa kuzikunja toka asubuhi alizipakua za kwanza akaziweka kwenye bakuli la mtu asiyekuwepo, zikapoa hapo zikagandamana. Mimi nilikula zilizopasuka.

Akatoka kwenda nyumba kwa nyumba kusalimia, na kila nyumba neno ni moja: mawe ya binti yangu yana maji. Mwalimu Xing amembana kwa maswali, mzee anajibu kama profesa. Hou akanitania, "Na wewe binti mwingine, mawe yako yana nini?" Nikampa za uso. Hakurudia.

Nimeisoma barua yako hadi mwisho. "Utapumzika sasa." Nikapumzike wapi, Yinping? Na nani? Unakuja kunichukulia mzee halafu unaniambia nitapumzika, kama ng'ombe aliyefunguliwa jembe. Mbuzi siwauzi. Wanajua sauti yake, akichelewa wanalia mlangoni.

Usidhani nakutakia mabaya. Sikutakii. Roho inaniuma tu, na wewe huko uliko huna habari.

Lanxiang


Beijing, 30 Machi 1997

Dada,

Nasalimu. Sitauliza habari za viazi.

Nilisimama mbele ya walimu. Nilieleza vizuri. Nilipomaliza, Tao akanyoosha mkono. Akasema ameangalia zile namba zangu nyingine, za madini ya chembe, na ameona sodiamu na strontiamu, vitu vya maji ya bahari, nyingi kupita kiasi kwenye mawe yote. Akauliza kwa upole, "Mwenzangu, haya mawe yametoka chini ya ardhi au yametoka baharini?" Watu wakacheka kidogo. Profesa Ni hakucheka. Jiwe moja zima lilikuwa limebaki mezani. Akalichukua, akalipasua kwa nyundo, akatazama ule weupe ulioingia ndani ya nyufa, kisha akalilamba. Sisi watu wa mawe tunalamba mawe, ni kawaida. Alilamba, akafikiri, akalamba tena. Akasema, "Chumvi. Na siki."

Akanipa na mimi nilambe.

Dada, niliijua ladha ile hata kabla ulimi haujarudi kinywani. Nilikula kabichi ya mtungi ule utoto wangu wote. Profesa akaniuliza mbele ya watu, "Uliyaokota wewe mwenyewe?" Neno lililonitoka ni moja tu, "Kabichi." Ukumbi mzima ulicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Sasa nikipita kwenye korido wananiuliza bei ya kabichi.

Kazi imekataliwa. Chumba amepewa Tao.

Ningeyakausha, ningeipasua mioyo ya mawe na kupima katikati tu, ningegundua mapema. Haraka yangu nimeikubali. Lakini nauliza jambo moja, na unijibu kwa kalamu ile ile iliyoandika wivu. Ulimsomea nini Baba?

Yinping


Heishiyao, 2 Juni 1997

Yinping,

Baba hajambo. Viazi tumepanda. Mvua bado.

Mawe yalikaa mtungini, juu ya kabichi, mahali pa jiwe la kukandamizia. Baba alisema binti yake anatafuta maji yaliyo ndani, na mawe yakikaa karibu na kitanda cha moto yatakauka kabla hayajafika Beijing. Nje yangeganda na kupasuka. Akazunguka nyumba yote akitafuta, akaona mahali pasipokauka wala kuganda ni ndani ya mtungi wa kabichi peke yake. Kila asubuhi alikuwa akifunua kifuniko kuyaangalia. Yakitokeza juu kidogo, anaongeza maji ya chumvi. Nilikuwa jikoni, nikimwona.

Umeuliza nilimsomea nini. Nilisoma nilichosoma.

Hajui kama kazi imekataliwa. Nimemwambia bado mnapima. Kila jioni ananiuliza kama mtu wa posta amepita. Nimechoka kumjibu.

Pole kwa chumba.

Lanxiang


Beijing, 15 Agosti 1997

Dada Lanxiang,

Nimeandika barua tatu nikazichana. Ya kwanza ilikuwa na maneno makali, ungeikunja ukaitia motoni, na ungekuwa na haki. Hii ya nne sijui.

Nilikasirika mpaka nikaugua. Nilitaka kumwandikia Mwalimu Xing amsomee Baba kila kitu. Bahasha niliandika kabisa. Kisha siku moja nilikwenda hospitali ya kifua kumwulizia Baba dawa. Daktari akaniuliza, "Kikohozi chake kikavu au kina makohozi?" Sikujua. Akauliza, "Analala ubavu gani?" Sikujua. Akauliza kama anakohoa zaidi asubuhi au jioni, nikabaki nimekodoa macho kama mtu anayeulizwa habari za jirani. Akanitazama akasema, "Ni baba yako huyu?"

Nikatoka pale na wivu, dada, wivu wa kweli, mpaka nikakaa kwenye ngazi. Nilipelekwa bweni nikiwa mdogo. Wewe una miaka yote ile naye. Unanionea wivu kwa picha ya karatasi, na wewe unaye yeye mwenyewe, anakohoa chumba cha pili, unajua kwa sauti tu kama leo ni nafuu. Mimi nina nini? Nina mawe yaliyolowa siki.

Profesa amenipa nafasi ya pili. Nilimweleza ukweli, kwamba ni baba yangu aliyeokota na alivyoyatunza. Kisha akasema nilete mengine, makavu, kabla ya mwisho wa mwaka. Kuna jengo jipya, vyumba bado vipo. Na mimi bado namtaka Baba kwa baridi hii, hata kabla ya chumba. Mwenzangu wa bwenini ameolewa, kitanda chake kiko wazi, ruhusa nimeiomba, na joto lipo.

Bahasha ya Mwalimu Xing nimeichana. Nimekuandikia wewe. Msomee yote, kuanzia salamu hadi jina langu.

Baba, mawe yalilowa. Si kosa lako. Nayataka mengine, yavunjwe kwa nyundo, yasiguse maji, yakae pakavu. Maji ninayoyatafuta hayakauki kwa moto wa kitandani, yamekaa humo tangu kabla ya watu. Asante kwa kuyaangalia kila asubuhi.

Yinping


Heishiyao, 3 Novemba 1997

Mdogo wangu Yinping,

Salamu zako zimefika. Viazi ni vizuri mwaka huu, kabichi ni chache. Baba hajambo kwa kiasi chake.

Nilimsomea yote. Nilisubiri mpaka mavuno yaishe, sitakudanganya, barua ilikaa chini ya unga. Halafu siku moja baada ya chakula nikaichukua nikasoma, kuanzia salamu hadi jina lako, na hata pale panaponihusu sikuruka. Baba alisikiliza mikono ikiwa magotini. Nilipofika kwenye "yakae pakavu" akaniambia, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Hili mwaka jana halikuwepo." Nikasema nilikuwa naangalia moto. Akanitazama. Nilidhani atanipiga kwa kiko chake kama zamani. Akaniambia tu nimwekee chai.

Siku mbili hakusema nami. Ya tatu akachukua nyundo, akasimama mlangoni bila kutoka. Nikaelewa, nikavaa viatu.

Njia ya Mlima wa Nyuma kweli imeharibika. Nilimshika mkono mahali pote penye kokoto. Yeye alikaa juu ya jiwe akionyesha kwa kiko, "Lile, siyo hilo, lile la kushoto," na mimi ndiye nikapiga nyundo. Mawe meusi ni magumu, mikono yangu imekufa ganzi mpaka leo. Likipasuka na ule ukijani kutokeza, mzee anaguna kama amekula kitu kizuri. Moja alilishika muda mrefu, akaliangalia kwenye jua, akanipa. Akasema, "Hili siyo la Yinping." Ninalo mfukoni. Usiniombe.

Mengine yamefungwa kwa karatasi, kila jiwe na yake. Ni makavu kama koo langu. Sikuyatia hata jasho.

Jioni ile tukila, hakugeukia ukuta. Aliniangalia mimi akauliza, "Nikienda kwa huyu mwingine, wewe utalala wapi?" Nikamwambia nitalala ninapolala, kwani nahamia wapi. Akasema, "Kitanda chote hicho mtu mmoja? Utamwashia nani moto?" Yinping, katika barua zako zote hakuna aliyeniuliza hilo, na katika nyumba hii pia, tangu Mama afe. Nikatoka na bakuli nikakaa jikoni. Akaniita kuuliza nina nini, nikasema moshi.

Basi nimekubali. Sijafurahi, ila nimekubali. Sikupi, nakuazima. Hou atamfikisha kituo cha mabasi tarehe kumi na mbili, nawe umpokee mlangoni mwa basi, siyo nje ya kituo, atapotea. Mawe yako ndani ya begi lake, yamezungushiwa lile sweta la kijivu.

Sasa chukua kalamu uandike, umpe daktari. Kikohozi chake ni kikavu asubuhi, jioni kina makohozi. Analala ubavu wa kushoto, ukimlaza wa kulia anaamka na hasira. Uji wa mtama mwepesi, usitie sukari, atakuambia mimi namtilia, anadanganya. Akinyamaza sana ujue magoti yanamuuma. Akitafuna mdomo, mwulize anafikiri nini kabla hajafanya, wewe unajua kwa nini.

Tena amenikokota sokoni kwa mpiga picha. Nilikataa, nywele zangu zilikuwa na vumbi, akalipa kabla sijamaliza kukataa. Picha iko kwenye mfuko wake wa ndani. Atataka kuibandika. Usiiweke pembeni ya yako. Iweke upande anaogeukia akila.

Mbuzi watalia, nitawavumilia. Ukimaliza kupima mawe, yatupe ukitaka. Baba nirudishie kabla ya kupanda viazi.

Dada yako,
Lanxiang